Maalim Anajibu: Babu wa Mwera na Mkulima wa Ulaya

SWALI: Maalim, shikamoo. Marehemu babu yangu aliishi katika shamba la karafuu lisilokuwa lake. Alimpalilia mwenye shamba mikarafuu, naye akaachiwa alime muhogo na mahindi chini ya miti. Skuli tumesoma ukabaila wa Ulaya, na mwenzangu ameniambia ni mambo hayo hayo. Ni kweli? Na nani alikuwa na afadhali?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mwera

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ameona kinachofanana: mwenye ardhi ni mwengine na mwenye jembe ni mwengine. Lakini tazama zaidi ya hapo.

Nachukua Uingereza, maana huko daftari zimebaki. Mfalme William aliiteka nchi mwaka 1066, akawagawia wafuasi wake ardhi kwa sharti la kumletea askari wapanda farasi. Mwaka 1086 akaamuru ihesabiwe: nani anashika ardhi gani, ina plau ngapi, vinu vingapi, watu wangapi. Daftari hilo ndilo Domesday Book.

Milki ya bwana ilikuwa na nyumba yake, kanisa, kinu, malisho, na mara nyingi makonde makubwa mawili au matatu yasiyo na ua. Penye matatu, moja lilipandwa ngano, la pili shayiri au njegere, la tatu likalazwa. Mwaka wa pili wakabadilisha. Kila konde lilikatwa vipande virefu vyembamba, na vipande vya mkulima mmoja vilitawanyika kati ya vya jirani zake, pengine na vya bwana pia. Kwa hivyo hakuna aliyepanda alichotaka mwenyewe. Kijiji kizima kililima pamoja na kuvuna pamoja.

Mkulima asiye huru alimfanyia bwana kazi siku mbili tatu kila wiki bila ujira. Wakati wa mavuno siku ziliongezwa, na nafaka yake mwenyewe inaiva konde la pili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akimuoza binti, anamlipa bwana. Akifa, bwana anachukua mnyama wake aliye bora. Nafaka asage kwenye kinu cha bwana na aache sehemu, na kanisa lichukue fungu la kumi. Kuhama bila ruhusa hawezi, ingawa akikimbilia mji wenye hati ya mfalme na kukaa mwaka na siku moja bila kudaiwa, mara nyingi alihesabiwa huru.

Hata hivyo hakuwa mtumwa wa kuuzwa sokoni. Watumwa walikuwepo, na daftari la 1086 limewaandika mbali. Yeye alikuwa na nyumba na vipande vya kurithiwa na mwanawe, na desturi ya milki iliyomlinda. Mashauri yalisikilizwa katika baraza la bwana, jirani wakaeleza desturi ilivyo, na baadaye karani akaandika. Hata nokoa wao, yaani msimamizi wa kazi za shamba, mara nyingi alichaguliwa na wakulima miongoni mwao. Madhali alitimiza wajibu wake, kumng'oa halikuwa jambo jepesi.

Babu yako angeweza kufunga mzigo wake akahama, na harusi ya binti yake haikumhusu mwenye shamba. Lakini hakuwa na maandishi wala baraza. Baada ya uchaguzi wa 1957 wengi hapa Unguja walifukuzwa mashambani kwa sababu ya chama tu, na muhogo wao bado uko ardhini. Kwa hiyo nasema hivi: kwa kuondoka, babu yako alikuwa na afadhali; kwa kubaki, yule wa Ulaya. Na mimi kwa mkulima naweka mbele haki ya kubaki, ndiyo maana eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa jambo kubwa kwa watu kama yeye.

Kule Uingereza, tauni ya 1348 iliua watu wengi mno, wakulima wakawa adimu na wakadai ujira mkubwa. Sheria ya 1351 ikajaribu kuwazuia. Mwaka 1381 wakaasi, Wat Tyler akiwaongoza, na mahali pengi wakachoma daftari za mabaraza, kwa kuwa humo ndimo yalimoandikwa madeni yao ya kazi. Uasi ulizimwa na Tyler akauawa, lakini mabwana wengi waliona heri kupokea kodi ya fedha kuliko kuacha konde bila mlimaji, na miaka ya 1500 ilipofika kifungo kile kilikuwa karibu kimekwisha Uingereza. Urusi hakikuondolewa hadi 1861.