Mlioniuliza kama mtu anaishi Marekani kwa kupiga basuni

Tangu ile picha yangu nikiwa na okestra iingie kwenye grupu la familia meseji haziishi, na wengi mnauliza kitu kimoja, ni kweli mtu anaishi huku kwa kupiga basuni tu, ile ala ndefu ya mbao ya kupuliza yenye sauti nzito, na yule kijana wetu wa tarumbeta za kanisani Moshi naye aje kuisomea? Nawajibu wote hapa.

Kuishi tunaishi, ila sio kwa mshahara mmoja. Okestra kubwa nzima ina wapiga basuni watatu au wanne tu na aliyepata kiti huwa haondoki mpaka astaafu, kwa hiyo nafasi ikitoka watu wanamiminika kutoka kila jimbo, nauli na hoteli juu yako. Raundi za mwanzo unapiga nyuma ya pazia majaji wasijue we ni nani, sehemu zingine wanatandika na zulia ili hata viatu visisikike. Hilo mi nalipenda sana, Mchaga anasikilizwa sauti yake tu. Unapiga koncherto ya Mozart ya 1774, yaani muziki ambao basuni inaongoza na okestra inaisindikiza, halafu vipande vya okestra kama ule mwanzo wa "The Rite of Spring" ya Stravinsky ya 1913, basuni peke yake, juu kabisa, pumzi ikitetemeka kidogo tu unaambiwa asante, yaani umetoka.

Okestra yangu ni ndogo, inalipa kwa kila mazoezi na kila onyesho, pasipo onyesho hamna hela. Chuoni nafundisha kwa masaa, mkataba ni wa semista na bima ya afya hamna, najilipia. Ajira za kudumu zipo ila chache mno na wengi wanaozipata wana udaktari wa muziki.

Halafu kuna kazi msiyoiona, midomo. Basuni ni ndugu wa zumari, inapulizwa kupitia vipande viwili vya matete vilivyofungwa pamoja, huo ndio mdomo, na tunauchonga wenyewe kwa kisu, matete mengi mazuri yanatoka kusini mwa Ufaransa. Unachonga mpaka usiku, unapata mmoja unaoimba, kesho yake baridi imeingia hita zinakausha hewa na ule mdomo hautoi tena ile sauti, unaanza upya. Wanafunzi wangu nawakazania hili kuliko skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka sauti. Na siku mdomo umekubali, nimekaa kando ya klarineti ile sauti ya chini inatoka, jamani sitaki kazi nyingine.

Sasa kijana. Vyuoni wapiga basuni ni wachache na okestra za vyuo zinawahitaji, kwa hiyo skolashipu zinapatikana, na vyuo vingi vinaazimisha chombo, maana cha kununua kizuri ni makumi ya maelfu ya dola. Ugumu uko baada ya kumaliza, viza ya mwanafunzi inampa mwaka mmoja tu wa kufanya kazi ya fani yake, baada ya hapo anatakiwa mwajiri wa kumdhamini na hizi okestra za kulipa kwa onyesho hazidhamini mtu. Akija aje akijua hilo.

Aanze kusoma nota vizuri, sikio tayari analo, na anitumie rekodi. Mama Mkubwa, shamba usiuze kwanza, tusubiri chuo kiseme kwa maandishi kinalipa nini.