Rekodi ya Hendrix pale Hollywood Bowl

Umeuliza kama rekodi hii ya The Jimi Hendrix Experience, bendi ya roki ya watu watatu ya mpiga gitaa Jimi Hendrix, ni mpya kweli au ni ile ya zamani iliyobadilishwa jalada. Ni mpya: walipiga tarehe 18 Agosti 1967 pale Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi wa Los Angeles, ikatolewa kwa mara ya kwanza 2023. Na utamu wake ni huu, albamu yao ya kwanza ilikuwa bado siku tano itoke Marekani, na wengi pale walikuja kuona kundi jingine, The Mamas & the Papas. Kwa hiyo unasikia watu watatu wakiwashawishi watazamaji wasiowajua. Sauti? Ilinaswa kwenye mkanda wa njia mbili tu za sauti, usitegemee usafi wa studio. Mimi masikio yangu yote kwa Mitch Mitchell, yule jamaa ngoma zake hazitulii! Usisikilizie spika ya simu lakini.