Ukurasa wa Tovuti Hauna Upana wa Karatasi

Nilianza kujifunza kutengeneza tovuti nikiwa tayari nimekomaa katika kazi ya uchapaji. Kwa miaka mingi nilisanifu kadi za harusi, kalenda na mabango ya wagombea katika chumba kimoja kidogo cha Nasser Road, Kampala, mtaa ambao msimu wa uchaguzi haujui usiku wala mchana, na nilipoamua kujifunza Elementor niliamini kwamba kazi yenyewe ninaijua, na kwamba kilichobaki ni kuzoea vitufe. Imani hiyo ilinipotezea miezi mitatu. Ninamwandikia anayeanza leo, hasa aliyetoka katika usanifu wa karatasi kama mimi, kwa sababu video nyingi za mafunzo huonyesha mahali pa kubofya bila kueleza kinachobofywa ni kitu gani.

Elementor, iliyotoka mwaka 2016, ni programu-jalizi, yaani nyongeza, ya WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti. Unachagua kitu upande mmoja wa skrini, kwa mfano kichwa, picha au kitufe, unakiburuta hadi kwenye ukurasa, na papo hapo unaona namna kitakavyoonekana, bila kuandika msimbo wowote. Hapo ndipo msanifu wa karatasi anaponasa, maana mkono wake ukishaona kitu kinaburutika, hutaka kukituliza pale pale jicho linapopenda. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na haitabadilika hata ikisafirishwa hadi Kisoro. Ukurasa wa tovuti hauna upana wake wenyewe: mmoja anaufungua kwenye kompyuta yenye upana wa pikseli 1920, yaani nukta ndogo zinazounda skrini, mwingine kwenye simu yenye pikseli 360, na kivinjari hupanga yaliyomo upya kila mara, kuanzia juu kwenda chini, kila kitu kikikisukuma kilicho chini yake.

Mimi sikulijua hilo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti ya nyumba ya wageni ya shangazi yangu huko Arua. Nilitaka bei ya chumba ikae kwenye kona ya picha ya kitanda, kama ambavyo ningefanya kwenye kipeperushi, nikagundua kwamba nafasi ya nje ya kitu inaweza kupewa namba hasi, na kwamba namba hiyo hukivuta kitu hadi juu ya jirani yake. Nilifurahi kana kwamba nimevumbua jambo. Nilivuta bei, nikavuta vichwa vya habari, nikavuta hata namba ya simu, na kwenye kompyuta yangu ukurasa ulipendeza kama kadi ya mwaliko. Nikamtumia shangazi kiungo. Jioni akapiga simu: “Mwanangu, mbona bei ya chumba imekaa usoni mwa mpishi?”

Niliirekebisha kwa namba hasi nyingine za simu peke yake, ukurasa ukaharibika kwenye tableti. Nikarekebisha tableti, kompyuta ikaasi. Hatimaye nilifuta kila kitu, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Kinachopaswa kueleweka kabla ya rangi na mapambo ni kwamba ukurasa wote ni visanduku vilivyomo ndani ya visanduku. Katika Elementor kisanduku kikubwa huitwa kontena, nayo kontena inaweza kubeba kontena nyingine. Usishangae ukikuta video za zamani zikifundisha sehemu na safu badala yake, kwani huo ulikuwa mpangilio wa matoleo ya awali. Kila kontena huulizwa maswali machache tu: je, vilivyomo vipangwe kwa mstari wa kulala au wa kusimama, viachiane nafasi gani, na kila kimoja kichukue asilimia ngapi ya upana? Nafasi ya ndani hutenganisha maandishi na ukingo wa kisanduku chake. Nafasi ya nje hutenganisha kisanduku na majirani. Anayezichanganya nafasi hizi mbili, kama nilivyozichanganya mimi, atashinda akisukuma vitu siku nzima.

Zoezi lililonisaidia kuliko somo lolote la kulipia ni hili. Chukua penseli, uchore visanduku vya ukurasa wako kwenye karatasi, bila picha wala maneno. Kisha vijenge ndani ya programu, ukikipa kila kisanduku rangi yake ya mandharinyuma, hata kama rangi zenyewe zinaumiza macho, ili uone kila kimoja kinaanzia na kuishia wapi. Picha na maelezo yakiwa bega kwa bega, vipe asilimia 50 kila kimoja kwenye kompyuta. Halafu bofya alama ya simu iliyo kando ya kipimo cha upana, uvipe asilimia 100, na vitapangana kimoja chini ya kingine. Kwa kawaida mipangilio ya simu hutumika kwenye skrini yenye upana usiozidi pikseli 767, na ya tableti usiozidi 1024. Ukiridhika, ondoa zile rangi.

Tabia nyingine ya Nasser Road niliyolazimika kuiacha ni ya picha nzito. Mchapaji hudai nukta 300 kwa inchi, nami nilipandisha picha za megabaiti tisa kana kwamba kivinjari ni mashine ya kuchapa. Skrini huhesabu pikseli tu, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1600, ikibanwa hadi kilobaiti mia mbili hivi, inatosha hata kwa ukurasa wa mbele. Hapa Uganda anayelipia uzito huo ni mgeni wako, kwenye bando ambalo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12.

Kwa sababu hiyo hiyo ya bando, usijifunzie mtandaoni. Programu ya bure iitwayo XAMPP huigeuza kompyuta yako kuwa seva ndogo, yaani mahali tovuti inapokaa na kufunguliwa. Ukishapakua WordPress na Elementor na kuzisimika humo, unaweza kufanya mazoezi bila intaneti, na umeme ukikatika betri ya kompyuta mpakato inaendelea kukubeba. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, cha .ug au .co.ug kinaweza kusubiri, kwani malipo yake ni ya kila mwaka na hayajali kama bado unajifunza.

Siku hizi kabla ya kumwonyesha mteja ukurasa wowote, humtumia shangazi kiungo kwanza, kwa kuwa simu yake ni ndogo, kioo kina ufa, na hana simile. Bei ya chumba sasa imekaa chini ya picha ya kitanda, na mpishi nimemhamishia ukurasa wa chakula.