Hadithi Ile Ile, Kurasa Nyingine

Juzi jioni dada mmoja wa Kimara alinitumia ujumbe: "Mwandishi, hili toleo la pili la kitabu chako umeliandika upya? La kwanza lilinishinda mapema kabisa, hili nimelimaliza siku tatu ndani ya mwendokasi." Niliusoma mara nne. Dada yangu, sikubadilisha hata neno moja. Nilichobadilisha ni kurasa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua toleo la kwanza lilivyonitesa, ila sijawahi kueleza kilichotokea. Miaka miwili niliandika usiku nikitoka kazini. Nilichapa kila kitu kwenye Word, karatasi ya A4, herufi za Times New Roman, ukubwa 12, nikatia faili kwenye flashi na kulipeleka kwa mpiga chapa mmoja Kariakoo. Nikamwambia nataka kitabu cha A5. Akajibu, "Hamna shida, sista." Akalipunguza faili zima hadi likaenea.

Ndugu mwandishi, shika hesabu hii. A5 ni nusu ya A4 kwa eneo, lakini upana na urefu wake ni kama asilimia 71 tu. Herufi yangu ya 12 ikawa 8.5. Pambizo, zile nafasi tupu za pembeni, nazo zikasinyaa. Kitabu kilibanwa kwa gundi, hakifunguki hadi ndani, kwa hiyo maneno ya karibu na uti yakazama humo. Msomaji alilazimika kukipasua ili amalize mstari.

Nakala 300. Moja nilimpelekea mwenyewe mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari. Miezi miwili baadaye nikaenda kumsalimia. "Shikamoo mwalimu, kitabu umekionaje?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Nimeanza, nitaendelea nikitulia." Kitabu kilikuwa mezani, risiti ya luku imechomekwa ukurasa wa 9. Nilirudi nyumbani nikilia kwenye daladala. Nikaamini hadithi yangu ni mbovu, na mwaka mzima sikuandika kitu. Hilo linaniuma mpaka leo. Msomaji akichoka macho hasemi herufi ni ndogo. Anasema hadithi imemshinda, na wewe unamwamini.

Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu wake. Times New Roman ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, ndiyo maana herufi zake zimebanana. Halafu maneno yetu ni marefu. Ukinyoosha kingo zote mbili bila kukata maneno, "wasingeniambia" likikosa nafasi linashuka lote, na yaliyobaki juu yanavutwa kama chapati mpaka mianya inaonekana. Ukiruhusu kompyuta ikate maneno huku imewekwa Kiingereza, ni balaa jingine. Mimi ilinikatia "wasin-geniambia". Sisi tunakata mwisho wa silabi: wa-si-nge-ni-a-mbi-a. Weka lugha sahihi, kisha pitia kila kistari kwa macho yako.

Toleo la pili nilimpa kijana wa Sinza ambaye kazi yake ni kupanga kurasa. Tulikaa naye wiki tatu. Herufi ya 11 yenye umbo pana kidogo, pointi 15 (kipimo kile kile cha herufi) toka mstari hadi mstari, pambizo ya ndani milimita 20, ya nje 15. Mstari ukabeba herufi kama 60, na wapangaji wengi wa vitabu hulenga kati ya 45 na 75. Kurasa zikatoka 112 hadi 192, yaani karatasi kubwa 12, kila moja ikikunjwa inatoa kurasa 16. Gharama ilipanda, nikatumia fedha zangu za kikoba. Sijuti. Kati ya nakala 500 zimebaki 38.

Jamani, msipeleke A4 mkidai A5. Anzeni kuandika kwenye ukubwa wa kitabu chenyewe. Chapeni ukurasa mmoja kwa kipimo halisi, mpeni mtu mzima asome jioni chini ya taa ya sebuleni, kisha mtazameni usoni. Msimuulize, mtazameni tu. Akiusogeza mbali, ongezeni herufi. Mnamlipa mchora jalada bila kusita, lakini jalada msomaji huliangalia mara moja, kurasa anaishi nazo siku nzima. Pesa za sherehe ya uzinduzi pelekeni kwa mpangaji wa kurasa. Nasema kwa uchungu kwa sababu kila wiki napokea vitabu vya wenzangu vyenye herufi kama sisimizi, na najua ndani yake kuna kazi ya miaka.

Mwalimu nilimpelekea toleo jipya mwezi uliopita. Jumapili iliyofuata akanipigia simu kabla sijaamka. Herufi hakuzitaja kabisa. Alikuwa amekasirika kwa nini nimemwoza Zuhura kwa yule mvuvi wa Kunduchi.