Maswali ya Wasomaji: Vihisi na Kamera Kuvuka Maji

Swali: Salaam alaikum fundi. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Faza, tunafuga kaa kwenye vizimba ndani ya mikoko upande wa bara, kama kilomita 6 hivi kuvuka maji. Tunataka kujua joto la maji, chumvi na kina bila kwenda na mashua kila saa, na pia tuone vizimba kwa kamera manake wezi wanakuja usiku. Huko hakuna stima, na mtandao wa simu unakuja na kupotea. Kuna mtu ametwambia tununue redio moja yenye nguvu tutume kila kitu pamoja. Ni sawa? (Kijana wa kikundi, Faza)

Jibu: Waalaikum salaam kaka. Msinunue kitu bado, kwanza mhesabu biti (kipande kidogo kabisa cha data, biti 8 ni baiti 1), manake hapo ndo pesa nyingi za vikundi zinapotelea.

Anza na vihisi, yaani vile vifaa vya kupima joto, chumvi na kina. Ujumbe mmoja wa kizimba unaweza kuupanga hivi: namba ya kizimba baiti 1, namba ya ujumbe baiti 2, saa baiti 4, joto 2, chumvi 2, kina 2, betri 1, na CRC baiti 2 za kukagua kama ujumbe umeharibika njiani. Jumla baiti 16. Joto la 28.43 usilitume kama maandishi, lizidishe kwa 100 utume 2843 kama namba kamili, linaingia kwenye baiti 2 tu. Ukituma kila dakika 10 ni mara 144 kwa siku, yaani kama kilobaiti 2.3 kwa kizimba kimoja kwa siku nzima.

Sasa kamera. Picha ya 1280 kwa 720, rangi biti 24, picha 25 kwa sekunde, ikiwa haijabanwa ni kama megabiti 553 kila sekunde, hiyo hakuna redio ya bei yenu itakayoibeba. Ukiibana kwa kodeki ya H.264 (njia ya kufinya video) unashuka mpaka kama megabiti 1.5 kwa sekunde, lakini hata hapo ukiiacha iende mchana na usiku ni gigabaiti 16 kwa siku. Kilobaiti 2 na gigabaiti 16 kaka! Na tofauti si wingi tu. Kipimo cha chumvi kikichelewa dakika tano hakuna kilichoharibika, ila kikipotea hujui kaa walikufa kwa nini. Video ni kinyume chake, picha mbili tatu zikipotea jicho halitajali, lakini ikichelewa dakika tano mwizi keshapakia kaa na kuondoka. Kwa hivo ukizipitisha njia moja kwa kanuni moja, moja itaumia, na mara nyingi inayoumia ni ile ndogo, inasukumwa na video mpaka haifiki.

Ushauri wangu ni njia mbili. Vihisi vipeni LoRa. Ni redio ya biti chache (kutoka kama biti 300 kwa sekunde mpaka makumi ya kilobiti), inafika mbali kwa umeme mdogo sana na inalala kati ya ujumbe na ujumbe. Ina kitu kinaitwa SF, kutoka 7 mpaka 12, ukipandisha inafika mbali zaidi lakini ujumbe unakaa hewani muda mrefu: zile baiti 16 kwa SF7 ni kama milisekunde 50, kwa SF12 ni zaidi ya sekunde nzima, na betri inalipia. Juu ya maji, antena ikiwa juu, anza na SF7 na upandishe ukilazimika tu. Kila ujumbe uhifadhiwe kwanza kwenye kadi hukohuko kizimbani, usifutwe mpaka redio ya Faza ikiri kuupokea, na usiokiriwa urudiwe. Kutoka hapo Faza kwenda kwenye simu za wanachama tumieni MQTT, kanuni ya kutuma ujumbe mfupimfupi mtandaoni, iliundwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakisomwa kupitia setilaiti, kwa hivo laini mbovu haiisumbui.

Video ipeni redio ya 5.8 GHz na antena za sahani zinazotazamana. Hesabu yake inatia moyo: kwa kilomita 6 mawimbi yanapoteza kama desibeli 123 hewani (desibeli ni kipimo cha nguvu kupanda au kushuka), redio yenye nguvu ya 20 dBm na antena mbili, kila moja ikiongeza 23 dBi, inakuachia kama -57 dBm upande wa pili, inatosha na kubaki. Ila muwe na nafasi wazi, sio kuonana kwa macho tu. Katikati ya njia mawimbi yanahitaji kama mita 6 juu ya maji, na hizo mita zipimwe maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yakiwa yamejaa, msipime yakiwa yamekupwa mkajidanganya. Na huko kwenye mikoko mlingoti upite vilele vya miti, majani mabichi yana maji na yanameza mawimbi.

Lakini msiiwashe muda wote. Kamera ya wati 5 na redio ya wati 8 kwa saa 24 ni wati-saa (Wh) 312, utahitaji sola na betri kubwa kuliko mradi wenyewe. Kamera ikae macho yenyewe, irekodi kwenye kadi, redio iamke tu kitu kikisogea au nyinyi mkiiita kupitia LoRa. Mwambie fundi aweke picha kamili kila sekunde 2, manake H.264 katikati inatuma mabadiliko tu, na pakiti (kifurushi cha data) ikipotea picha inabaki imevurugika mpaka picha kamili nyingine ifike. Viungio vyote vya waya vifungwe kwa tepu ya mpira, chumvi ya huku ikiingia mnaweza kupoteza desibeli 3, na hiyo ni nusu ya nguvu yote.

Swali: Fundi, nina nyumba ya wageni Shela na redio ya 5.8 inayovuka maji kwenda Manda. Picha ya kamera inaganda saa zilezile za maji kujaa, halafu inarudi yenyewe. Fundi amebadilisha redio mara mbili. (Mama wa Shela)

Jibu: Pole mama. Redio haina kosa. Mawimbi yanafika kwa njia mbili, moja inakwenda moja kwa moja na nyingine inapiga juu ya maji na kuruka. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa kama sentimita 5 tu, kwa hivo maji yakipanda mita mbili tatu, ile njia ya pili inabadilika urefu kidogo na ikifika kinyume zinauana. Antena iliyoko juu sana ndo inaumia zaidi. Mwambie fundi ashushe ya upande mmoja mita mbili au tatu, au aisogeze nyuma mahali ambapo ukuta au miti ya ufukweni inaziba maji ya katikati lakini haizibi Manda. Kabla ya kufunga bolti aandike kiwango cha mawimbi kila nusu saa kuanzia maji kupwa mpaka kujaa, siku ya bamvua na siku ya maji mafu (yasiyopanda sana), kisha achague kimo ambacho kipimo chake cha chini kabisa ndo kikubwa kuliko vipimo vya chini vya vimo vingine.