Maswali ya Wasomaji: Tuanze Lini Kujiandaa kwa SAT na ACT?

SWALI: Mwalimu, natumaini hujambo. Mwanangu wa kwanza anasoma darasa la 10 hapa Marekani, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kufanya SAT wala ACT, ile mitihani ya kuombea nafasi ya chuo kikuu, kwa hiyo hatuna wa kumuuliza. Jirani ananiambia kwamba tulipaswa kuanza tuisheni tangu darasa la 8 na kwamba tumeshachelewa. Mwalimu wake wa darasa, kwa upande mwingine, anasema vyuo vingi siku hizi havidai tena alama hizo. Tumsikilize nani, na tuanzie wapi?
Mama wa mwanafunzi wa darasa la 10

JIBU: Mama, sijambo, na ninashukuru kwa barua yako. Mtoto wa darasa la 10 hajachelewa hata kidogo, na jirani yako, pamoja na nia yake njema, anakutia hofu isiyo na sababu. Maswali ya aljebra ya msingi, yakijumlishwa na yale ya hesabu za ngazi ya juu kidogo kama milinganyo ya kwadratiki, huchukua takriban asilimia 70 ya sehemu ya hesabu katika SAT. Mtoto wa darasa la 8 kwa kawaida hajafundishwa sehemu kubwa ya hayo, na ukimpeleka kwenye tuisheni ya mtihani wakati huo atakariri tu mbinu za kukisia majibu ya somo asilolijua. Kwa hiyo mwaka huu mwache mwanao ashike barabara hesabu za shuleni, asiruke mada yoyote, na asome kila siku maandishi ya Kiingereza yanayomtaka afikiri: makala za sayansi, historia, hadithi ndefu. Wala usiache kuzungumza naye Kiswahili kwa kudhani kinamrudisha nyuma; kijana aliyezoea kueleza jambo kwa mpangilio katika lugha ya nyumbani huwa na msingi wa kuufuata mpangilio huohuo katika lugha ya mtihani.

Mwalimu wake naye amesema kweli, ila si kweli yote. Janga la korona lilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi viliacha kulazimisha alama hizi, na vingi havijarudi nyuma. Lakini chuo cha MIT kilizirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard vilitangaza kufanya hivyo, wakati Chuo Kikuu cha California hakizitazami kabisa kinapochagua wanafunzi. Ndiyo maana ninakuomba, kabla ya kununua kitabu chochote, ukae na mwanao muandike orodha ya vyuo vinane au kumi anavyovifikiria, kisha mbele ya kila jina muandike neno moja kutoka kwenye tovuti ya chuo chenyewe: lazima, hiari, au haitazamwi. Orodha hiyo itawaeleza ni nguvu kiasi gani iende kwenye mtihani na kiasi gani kwenye alama za darasani, ambazo hakuna chuo kinachozipuuza.

Mkiona kwamba mtihani unahitajika, chagueni mmoja kati ya miwili. SAT siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, kupitia programu iitwayo Bluebook, na huchukua saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko. Ina maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, na maswali 44 ya hesabu kwa dakika 70, na alama zake huanzia 400 hadi 1600. ACT ilifupishwa mwaka 2025 na sehemu ya sayansi ikawa ya hiari. Kiingereza kina maswali 50 kwa dakika 35, hesabu maswali 45 kwa dakika 50, kusoma maswali 36 kwa dakika 40, na alama ya jumla huishia 36. Vyuo huipokea yoyote kati ya hiyo bila upendeleo. Tofauti kubwa kwa mtahiniwa ni mwendo: katika hesabu za SAT ana wastani wa sekunde 95 kwa swali, katika ACT ni sekunde 67 hivi. Kwa upande wa kusoma, SAT humpa vifungu vifupi vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja na swali lake moja, ilhali ACT humpa vifungu virefu vyenye maswali kadhaa. Mwanao afanye mtihani mmoja wa mazoezi wa kila aina, Jumamosi mbili tofauti, asubuhi, kwa muda kamili, simu ikiwa chumba kingine. Baada ya hapo mtajua bila kubahatisha, na mtihani wa pili muusahau.

Kuhusu kalenda, hesabuni kurudi nyuma. Maombi ya mapema ya vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Novemba ya darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na ya kawaida hufungwa karibu na Januari mosi. Nafasi ya mwisho ya kufanya mtihani bila presha ni kati ya Agosti na Oktoba, mwanzoni mwa darasa hilo la 12, na ya kwanza ni kati ya Machi na Juni ya darasa la 11. Kabla yake kuna PSAT, mtihani wa kujipima kabla ya SAT, mwezi Oktoba, ambao kwa mwanafunzi wa darasa la 11 ndio pia mlango wa kuingia katika ushindani wa ufadhili wa National Merit. Maandalizi yenyewe yaanze miezi mitatu au minne kabla ya jaribio la kwanza, saa nne au tano kwa wiki. Zaidi ya hapo kijana huchoka, na alama za darasani huanza kuporomoka.

Fedha zisiwazuie. Tovuti ya elimu ya Khan Academy hutoa bure mazoezi ya SAT yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na College Board, shirika linaloendesha SAT, na mitihani kamili ya mazoezi ndani ya Bluebook haina malipo. Familia yenye kipato kidogo inaweza kumwomba mshauri wa wanafunzi shuleni msamaha wa ada, ambao kwa wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 hugharamia SAT mara mbili, na katika vyuo vingi humwondolea mwanafunzi ada ya maombi pia. ACT ina msamaha wake. Tafadhali, Mama, usione haya kuuliza. Msamaha huo umewekwa kwa ajili ya familia kama hizo, na huniuma sana ninapomkuta mzazi aliyekopa fedha kulipia kitu ambacho mtoto wake alistahili kukipata bure.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la 11. Katika wiki saba nimefanya mitihani sita ya mazoezi ya SAT, na alama zangu zinazunguka kati ya 1080 na 1110. Ninasoma hadi usiku wa manane. Nifanye nini zaidi?
Mwanafunzi aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ningependa ufanye kidogo kuliko sasa, si zaidi. Mtihani wa mazoezi ni kama kipimo cha homa: unakuonyesha hali, lakini hauitibu, na wewe umejipima mara sita bila kumeza dawa. Isitoshe, mitihani rasmi ya mazoezi si mingi, na kila unaoutumia bila kuuchambua umekwisha.

Nunua daftari moja. Chukua mtihani wako wa mwisho, na kwa kila swali ulilokosa andika kwa sentensi zako mwenyewe ulifikiri nini ulipochagua jibu lile. Usinakili maelezo ya jibu sahihi kabla ya kuandika fikra zako, kwa sababu ukishayaona utajidanganya kwamba ulikuwa unayajua. Nikupe mfano ninaoukuta mara kwa mara. Swali linasema: ikiwa 3x + 4 = 19, thamani ya 6x − 1 ni ipi? Mwanafunzi anatoa 4 pande zote mbili, anapata 3x = 15, anagawanya, anapata x = 5, na macho yake yanaliona 5 limekaa pale kwenye majibu. Analibonyeza na kusonga mbele kwa furaha, ilhali aliulizwa 6x − 1, yaani 29. Mwanafunzi huyu anaweza kufanya milinganyo mia moja mingine ya aina hiyo bila kupata nafuu yoyote, kwa kuwa tatizo lake si aljebra. Dawa yake ni kuandika kwenye karatasi ya kazi kile kinachoulizwa kabla ya kuanza kukokotoa, na kukirudia kabla ya kubonyeza.

Ukishaandika makosa thelathini hivi, yapange. Mengine yatakuwa ya kutojua, na hayo yanakudai urudi kwenye somo. Kwa mfano, ukiona umekosa maswali manne ambayo koma peke yake imeunganisha sentensi mbili zinazojitegemea, huna udhaifu wa Kiingereza kwa jumla kama unavyojiambia. Umekosa kanuni moja, na unaweza kuijifunza jioni moja: hapo huwekwa nukta, au nukta mkato, au koma ifuatwe na kiunganishi. Mengine yatakuwa ya kusoma swali kwa haraka, na yaliyobaki ya kuishiwa muda. Wiki mbili zijazo shughulikia kundi kubwa kuliko yote, peke yake. Kisha ndipo ufanye mtihani wa saba, na baada ya hapo mmoja kila wiki mbili au tatu unatosha. Usihesabu tofauti ya alama 30 kama maendeleo wala kama kushindwa, kwani mtu yuleyule akirudia mtihani hutofautiana kiasi hicho.

Kuna mambo mawili ya siku yenyewe. Kila sehemu ya SAT imegawanywa katika moduli mbili, na ugumu wa moduli ya pili hutegemea ulivyofanya katika ya kwanza, kwa hiyo usiharakishe mwanzo ili kuweka akiba ya muda, kwani muda hauhamishiki kutoka moduli moja hadi nyingine. Pia usiache swali wazi, kwa maana jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Na usiku wa manane, mwanangu, uwe umelala. Uchovu ndio unaokufanya uione 5 ukasahau 6x − 1.

SWALI: Binti yangu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, na shuleni hupewa muda wa ziada katika mitihani yote. Je, katika SAT ataupata vilevile?
Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu yangu, hautakuja wenyewe. Ruhusa ya shule haihamii kwenye SAT. Lazima ombi lipelekwe College Board na likubaliwe kabla ya siku ya mtihani, na uamuzi unaweza kuchukua hadi wiki saba. Njia nyepesi ni kupitia mratibu wa shule anayeshughulikia maombi haya, kwa kuwa tayari anazo kumbukumbu za binti. Mwone muhula huu. Likishakubaliwa, kibali hutumika katika PSAT na SAT zote zitakazofuata, lakini ACT ina utaratibu wake na ombi lake tofauti. Na anapofanya mazoezi ndani ya Bluebook, achague kipimo cha muda atakachopewa siku yenyewe, ili mwili na akili vizoee kukaa muda huo wote mbele ya skrini. Saa tatu na zaidi ni safari nyingine, hata kama maswali ni yaleyale.