Usikate mkanda wa ngozi kwa jicho, mtafute mwenye guni kwanza

Ndugu wa Malindi, weka hicho kisu chini. Usikate.

Nimesoma swali lako mara mbili. Ami yako amekuachia mashine ya kusaga, injini ya zamani ya dizeli inayovuta jiwe kwa mkanda bapa wa ngozi wa inchi 4. Mkanda umelegea. Wataka kuupunguza, ncha uzipandishe moja juu ya nyingine shubiri nzima, kisha uzibane kwa boliti tatu na washa zake. Ukauliza pia upakwe mafuta gani, ukazwe kiasi gani na mpya unapatikana wapi. Hayo yatasubiri. Kilichonishtua ni yale maneno yako ya mwisho kuhusu puli, lile gurudumu linalobeba mkanda: "nitakadiria kwa macho tu, puli itauweka sawa." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Lamu, nikayaamini, na nikayalipia Ramadhani nzima.

Ncha zote mbili za mkanda hukatwa kwa guni. Kile kipimo cha pembe cha maseremala. Si kwa jicho, si kwa ukingo wa daftari, si kwa kufuata mkato wa zamani, maana aliyeukata wa zamani humjui.

Ilikuwa mwisho wa Shaaban. Mashine yangu ilikuwa mtaani Langoni, injini ya Lister ya nguvu za farasi 6, ile inayokwenda polepole, mizunguko 650 kwa dakika. Wateja walikuwa wameshaanza kuleta magunia: mtama, ngano, mahindi yaliyovushwa kutoka Mokowe, kule bara. Mkanda ukaanza kuteleza kila jiwe likilemewa. Nikamwita fundi mmoja, jina nalimeza, akaja na kisu cha kukatia soli. Akaukunja mkanda gotini, akakata upande mmoja, akakata na wa pili, akatoboa, akaunga. Nikamwambia, fundi, huku naona kama pamekwenda upande. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: "Puli ina tumbo katikati, mkanda hujinyoosha wenyewe." Akachukua pesa yake akenda zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu neno lile ni kweli nusu. Puli ya mkanda bapa kweli hufanywa na tumbo kidogo, katikati pameinuka kuliko kingoni, na mkanda hupenda kupanda pale palipo juu. Ndiyo maana haukimbii. Lakini hiyo ni kwa mkanda ulionyooka. Mkanda ulioungwa mshazari una upande mmoja mrefu na mwingine mfupi pale pale kwenye kiungo. Kila kiungo kinapoingia kwenye puli, kinausukuma mkanda kando. Tumbo la puli linaurudisha. Kiungo kinarudi, kinausukuma tena. Utauona mkanda unakwenda kama nyoka mchangani.

Tena fanya hesabu. Mkanda wangu ulikuwa wa futi 24, puli ya injini kipenyo cha futi 1. Mzunguko mmoja unavuta futi tatu na kidogo, kwa hiyo dakika moja inavuta futi elfu mbili na ushei. Gawa kwa 24. Kiungo kinazunguka kama mara 85 kwa dakika, na kila mara kinapinda mara mbili, puli ya injini na puli ya jiwe. Saa moja ya kusaga, kiungo kimezunguka zaidi ya mara elfu tano. Kosa dogo ukilirudia mara elfu tano kwa saa, ngozi gani itavumilia?

Siku ya kwanza niliona ule mwendo wa nyoka nikajituliza, nikasema utazoea. Siku ya pili ukingo mmoja ulianza kutoa nyuzinyuzi, maana ulikuwa unasugua fremu. Siku ya tatu, baada ya alasiri, jiwe likalemewa, mkanda ukaruka. Haukuanguka chini. Ulijibana kati ya puli ya jiwe na fremu, injini bado inavuta. Ukachanika kiasi cha futi tano, na ncha iliyobaki ikapiga puli kwa kishindo kilichowatoa majirani ndani. Puli ile ni chuma cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa. Chuma cha namna ile hakipindi, hupasuka, na kilipasuka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Kijana niliyekuwa naye alikuwa ametoka dakika chache tu kwenda kutia udhu. Mahali pake pa kusimama palikuwa pale pale ulipopita ule mkanda. Mpaka leo nikilala nikalikumbuka hilo, naamka.

Puli ya kusubu huipati Lamu. Niliivusha ile iliyopasuka kwa boti hadi Mokowe, nikaipakia basi, Garsen, Malindi kwako hapo, hadi Mombasa, ikatumika kama kiolezo cha kutengenezea nyingine. Kwenda na kurudi, na kungojea, na kugundua tundu la shafti limetoka kubwa, na kuirudisha. Ramadhani ikaisha magunia ya watu nimeyarudisha kwa punda, mlango kwa mlango, nikiomba radhi. Wateja wengine hawakurudi tena, na siwalaumu.

Na yule fundi? Nilimwendea. Akaniambia ngozi ilikuwa mbovu. Ngozi! Ngozi ilikuwa nzima miaka yote mpaka ilipokutana na kisu chake. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kuliko pesa: mtu anakuuzia uhakika asiokuwa nao, na lawama anamtwika ng'ombe aliyekwisha kufa. Anayetaka kucheka na acheke, ila kwanza alete mkanda wake tuupime.

Aliyenifungua macho ni fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani, mzee aliyekuja kuchukua gunia lake ambalo halijasagwa. Akakiona kipande cha mkanda kimetundikwa ukutani, akatoa guni lake mkobani, akaliweka kwenye ule mkato. Akasema, "Huu umekatwa mshazari." Basi. Pengo lilikuwa thumuni ya inchi, yaani sehemu moja ya nane, kwa upana wa inchi 4. Thumuni! Unene wa sarafu mbili tu. Yeye ubao wa jahazi ukimtoka hivyo maji yanaingia, kwa hiyo jicho lake halikusamehe. Akanifundisha na kulipima guni lenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote wa mashine: weka guni kwenye ukingo ulionyooka, piga mstari, kisha ligeuze litazame upande wa pili, upige mstari pale pale. Mistari ikilaliana, guni ni zima. Ikiachana, guni lako ni bovu na kila utakachokata nalo kitakuwa kibovu.

Nawe fanya hivi. Mkanda mkuukuu kingo zake zimelika, kwa hiyo usiegemeze guni kwenye ukingo uliolika. Tafuta katikati ya mkanda sehemu tatu au nne, piga mstari mrefu wa katikati, na mkato wako uwe wima juu ya mstari huo. Kata kwa kisu kikali kwa mvuto mmoja. Kisha zilaze ncha mbili sakafuni, ziguse, na pembeni yake weka ubao mrefu ulionyooka. Mstari wa katikati uendelee kutoka ncha moja hadi nyingine bila kuvunjika, na kati ya ncha usione mwanga. Ukiona mwanga upande mmoja, kata tena. Ni afadhali mkanda uwe mfupi kidogo kuliko uwe mshazari. Injini utaisogeza, mshazari huwezi kuusogeza.

Kuhusu kupandisha ncha na boliti, achana nalo kabisa. Unene ule wa maradufu hautaki kupinda, kila ukipita kwenye puli unapiga kama nyundo, na kichwa cha boliti kinagonga chuma. Wapo wanaochonga ncha zote mbili ziwe nyembamba kama patasi, wakazigandisha kwa gundi, na kiungo hicho ni kizuri kikifanywa na mjuzi. Lakini gundi ya ngozi haipendi unyevu, na huku kwetu unyevu hautoki. Vile vikulabu vya chuma navyo vinaunga haraka, ila chumvi ya bahari inavila, na vinachana mkono wa anayeugusa mkanda.

Shona kwa ugwe wa ngozi mbichi, ncha zikikutana bila kupandana. Kwa mkanda wa inchi 4 matundu matano kila ncha yanatosha: matatu mstari wa mbele ulio karibu na ncha, mawili mstari wa nyuma, yapishane. Usiyapange yote kwenye mstari mmoja, utakuwa umeuchorea mkanda mahali pa kuchanikia. Ukingo wa tundu usikaribie upande wa mkanda chini ya robo tatu za inchi, wala mwisho wa mkanda chini ya thumuni saba za inchi. Mstari wa nyuma uwe inchi 1 na robo tatu au zaidi kutoka mwisho wa mkanda. Tundu liwe dogo, la mviringo mrefu uliolala kufuata urefu wa mkanda. Anza kushona katikati uende pande zote mbili, ukikaza sawasawa, na ule upande unaogusa puli ugwe upite umenyooka tu, mapishano yote yawe nje. Upande laini, ule uliokuwa na manyoya, ndio unaokaa kwenye puli. Wengi hugeuza kwa kudhani ule wa nyama unashika zaidi kwa kuwa una mikwaruzo.

Mafuta: ya kwato au shahamu, kidogo, mkanda ukiwa mkavu na safi. Mafuta ya injini yasiuguse. Na akija mtu kukuuzia ulimbo wa kumwagia mkanda unaoteleza, mfukuze. Unashika siku moja, halafu unakauka kama kioo, na ngozi inapasuka.

Ukishaunga, washa injini bila mzigo, simama kando, usisimame kwenye mstari wa mkanda, utazame ukingo wake. Ukicheza huku na huku na kila mchezo unakuja pamoja na kiungo, kosa ni mkato wako. Ukikaa upande mmoja tu bila kucheza, kiungo ni kizuri, puli zako ndizo hazitazamani. Usiuguse kwa mkono ukiwa unakwenda, hata kwa kidole, hata kwa fimbo.

Huko Malindi hapakosi seremala wa milango mwenye guni. Liazime leo, ligeuze ulipime kama alivyonifundisha mzee wa Matondoni, kisha piga mistari tu, usikate. Weka picha hapa, ncha zote mbili zimelala kando ya ubao, niione kabla hujakata wala kutoboa tundu hata moja. Mimi baada ya isha huwa nipo.